Nilidhani "Lungwe" Ni Makosa ya Kuandika

Mpendwa Anti Modesta, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla sijaongeza ujinga mwingine juu ya ule nilioufanya tayari, na nakuomba pia usilitoe jina langu wala la hospitali ninayofanyia kazi, kwa sababu wenzangu wanaisoma safu yako kila Jumamosi, na wengine huisoma kwa sauti wakati wa chai huku wakibahatisha aliyeandika ni nani. Mimi niite Tuntufye na mwenzangu nitamwita Asajile. Siyo majina yetu, lakini ni majina ya huku kwetu, na utaona mbele kwa nini nimetaka yawe ya huku kwetu.

Mimi ni mzaliwa wa Lupepo, wilaya ya Rungwe, mtoto wa wakulima wa ndizi na chai, nilisomeshwa mpaka chuo Dar es Salaam nikachukua kompyuta, na sasa nimerudi nyumbani kufanya kazi katika hospitali moja ya hapa wilayani, nimepanga chumba Msasani, mjini Tukuyu. Idara yetu ya kompyuta ina watu wawili tu, mimi na Asajile, yeye alinitangulia kuajiriwa, elimu yetu ni sawa, meza zetu zinatazamana, na tofauti yetu Anti ni moja, kwamba yeye akisema "habari" inatoka "habali" na wala hajali, wakati mimi nilishajifuta hilo zamani, na nilijifuta kwa machozi.

Kinyakyusa chetu hakina R. Siku ya kwanza chuoni tuliambiwa kila mmoja asimame ajitambulishe, nikasimama nikasema natokea Lungwe na ninafurahi kupata malafiki wapya, basi darasa zima likaangua kicheko, na kuanzia siku ile jina langu likawa Lafiki, hata mama ntilie wa pale nje alikuwa ananiita Lafiki akinipakulia wali. Nikawa najifunza R bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili wasinisikie, rudi, rarua, barabara, mpaka ulimi ukatii, na leo nikiongea kwenye simu huwezi kujua natokea wapi, na Anti nilikuwa najivunia jambo hilo kuliko cheti changu. Mama yangu akija mjini kutoka Lupepo na kikapu cha ndizi huwa namwahi getini, nampokea hapohapo, namshukuru, namsindikiza kwenye bodaboda, ili asiingie ndani akaanza kuwasalimia wenzangu, na yeye masikini anadhani namhurumia asichoke kutembea.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutanielewa. Hospitali yetu ina seva mbili, yaani kompyuta kubwa mbili zinazosaidiana, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi hapohapo na daktari asijue kama kulitokea jambo. Seva hizo zinatumia diski zilezile, ambazo haziko ndani ya seva hii wala ile, zina kabati lao pembeni, na sheria yake ni kwamba diski inashikwa na seva moja kwa wakati mmoja huku nyingine ikingoja zamu, kwa sababu zikiandika zote mbili pamoja bila kuulizana zinafutiana kazi mpaka hakisomeki kitu. Kuna mpangilio unaolinda sheria hiyo, na mpangilio huo unabadilishwa kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi ambayo haina picha wala sehemu ya kubonyeza, unaandika maneno yako, unapiga kitufe, imekwisha.

Tulikuwa tunategemea wageni kutoka makao makuu waje kukagua mitambo, na katibu wa hospitali, ambaye nitamwita Bwana Prosper, akaniambia kesho yake niwaonyeshe wageni orodha ya vifaa vyetu kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Asajile alikuwa kwenye msiba kijijini kwao, Mpuguso. Nikafungua ile skrini nyeusi nijiandae, nikaita orodha ya diski, na pale kwenye orodha nikaona imeandikwa "Rungwe", na chini yake "Lungwe".

Anti, nilisikia uso unawaka kana kwamba nimesimama tena mbele ya lile darasa. Nilisema moyoni, Asajile jamani, ameandika jina la diski kama anavyotamka, kisha akashtuka akaliandika tena vizuri, na lile baya akalisahau pale, na kesho wageni wataliona kwenye ukuta mzima na watacheka, na wakicheka watatucheka sote tuliozaliwa huku. Ningeweza kumpigia simu. Sikumpigia, kwa sababu ningemwambia nini, kwamba naona haya kwa ajili ya ulimi wake? Sikuangalia hata ukubwa wa ile diski wala kilichomo. Nikaandika amri ya kuiondoa Lungwe kwenye ule mpangilio wa ulinzi, seva ikaniuliza kama nina uhakika, nikajibu ndiyo, na orodha ikabaki safi, Rungwe peke yake, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha kwamba nimemsitiri mwenzangu.

Kumbe zilikuwa diski mbili tofauti. Lungwe ndiyo iliyobeba picha zote za eksirei, na mimi nilichofuta siyo jina, nilifuta ile zamu. Seva zote mbili zikaiona diski haina mwenyewe, kila moja ikaishika, kila moja ikaanza kuandika, na asubuhi chumba cha eksirei wakapiga simu kwamba picha za zamani hazifunguki, nyingine zinatokea nusu na nusu ni kijivu kitupu. Nikaingia haraka nikairudisha diski kwenye mpangilio wake, lakini ilikuwa kama kufunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Siku hiyohiyo alikuja mama mmoja kutoka Mpuguso, mama Alinanuswe, aliyevunjika mguu alipoteleza shambani kwenye mvua, na daktari alitaka picha zake za mwanzo azilinganishe na ya siku ile ajue kama mfupa unaunga sawasawa au unaunga upande ili avunje plasta aurekebishe. Picha za mwanzo hazikuwepo. Nikapendekeza apigwe nyingine, daktari akanitazama akasema mfupa wa mwezi ule haupigwi picha leo. Yule mama akaambiwa arudi nyumbani aendelee hivyohivyo na asubiri, mimi nikamshikia magongo yake wakati anapanda bodaboda, naye akaniambia ndaga fijo, yaani asante sana. Sikumjibu kwa Kinyakyusa. Hata pale sikuweza.

Asajile aliporudi tuliitwa ofisini kwa katibu pamoja na wakuu wa idara. Bwana Prosper akauliza kilichotokea, na mimi nikawahi, Anti, sijui ni shetani gani, nikasema nahisi tatizo lilianzia kwenye diski ambayo jina lake liliandikwa kimakosa, huenda mfumo ulichanganyikiwa. Nilijua ni uongo, mfumo haujali diski inaitwaje. Bwana Prosper siyo mtu wa huku, akacheka akauliza kama ndiyo kusema hospitali nzima imesimama kwa sababu kuna mtu hatofautishi R na L. Wakacheka wote. Nami nikacheka, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu.

Asajile hakucheka. Akasema, "Sikukosea. Ni diski mbili. Moja niliipa jina la kwenye lamani, ya pili jina la nyumbani, ili zisichanganywe."

Ile "lamani" ikawamaliza, wakacheka upya, na hakuna aliyesikiliza alichokuwa anasema. Mimi na Asajile tunaingia kwenye seva kwa jina moja la msimamizi, hata tukiwa mbali na ofisi, kwa hiyo hata ile amri ikigundulika hakuna anayeweza kuthibitisha ni nani aliyeiandika, na kwa kuwa diski aliipa jina yeye na kuifunga yeye, lawama imemwangukia yeye. Jumatano ya wiki ijayo ataitwa kwenye kamati ya nidhamu, na watu wanasema mkataba wake hautaongezwa. Mafundi walioitwa kutoka Mbeya wameamua kwamba diski ilichoka yenyewe, Alhamisi yake, kesho yake ya kamati, wataisafisha yote waanze upya. Mimi kila siku nakaa naye meza kwa meza, ananipa salamu yake ya asubuhi, namwitikia.

Juzi wakati tunafunga ofisi alisimama mlangoni akaniuliza swali moja, bila hasira. Alisema, "Tuntufye, mgeni angeliona lile jina angeuliza. Mwenyeji angelijua. Ni mtu wa namna gani anayelifuta?" Kisha akaondoka.

Tangu hapo sili vizuri. Nimefikiria kuomba uhamisho niende mkoa mwingine kimyakimya, nimefikiria kumwandikia katibu ujumbe bila jina, nimefikiria kumwambia Asajile baada ya kamati, ili kwanza nione watamfanya nini, maana huenda wakamwonya tu na yakaisha. Wazazi wangu wananitegemea na kijiji kizima kinajua nina kazi nzuri. Anti, nifanyeje ili nimwokoe mwenzangu na mimi nisiaibike?

Wako, niliyecheka kuliko wote, Tukuyu.

MODESTA ANAJIBU

Tuntufye mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo nakujibu nikiwa katikati, na usipopenda ninavyokujibu basi ujue ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Nianze na huruma, maana ni fupi. Waliokuita Lafiki chuoni walikukosea. Kila mtu ana ulimi wa kwao, hata huyo Bwana Prosper angepelekwa Lupepo akaambiwa asalimie wakwe kwa Kinyakyusa, angechekwa mpaka jua lizame. Na kukosea amri kazini siyo dhambi. Wauguzi wanakosea, wahasibu wanakosea, mimi mwenyewe wiki iliyopita nilimjibu mama wa Iringa barua ya baba wa Mbozi. Kwa hiyo kosa la ile skrini nyeusi nakusamehe, ingawa anayetakiwa kukusamehe siyo mimi.

Sasa hasira. Unasema ulitaka kumsitiri mwenzako. Acha hizo. Asajile hakuwa uchi, ulikuwa unajisitiri wewe. Ungelikuta jina la Kiingereza lililokosewa ungelifuta bila kuuliza? Ungepiga simu, ungeuliza kwa heshima, "hili lina maana gani?" Lakini hili lilikuwa neno la bibi yako, na neno la bibi yako ukaliona taka. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na wewe ulikuwa mtumwa hodari, ulifanya kazi hata bosi hajakutuma. Lungwe siyo makosa ya kuandika. Ni jina la Mlima Rungwe kwa kinywa cha watu wanaoishi chini yake. Na mama yako mzazi unamgeuzia getini na ndizi zake! Akija tena mwingize mpaka mezani kwako, awasalimie watu wote, na wewe ukae kimya asalimie mpaka amalize.

Lakini hayo yote yanaweza kungoja. Kuna sentensi moja kwenye barua yako umeipita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Umesema mafundi wameamua diski ilichoka yenyewe, na Alhamisi wataisafisha waanze upya. Halafu ukaendelea na habari za salamu za asubuhi. Mimi sijui kompyuta, ila nimezeeka katika kusikiliza watu, na najua mtu akikimbia hivyo kuna kitu amekiacha nyuma.

Basi nikampigia simu rafiki yangu Gift, mama mtu mzima ambaye kazi yake ni seva hizihizi, huko Mbeya mjini. Sikumtajia mtu wala hospitali. Nikamsomea tu kilichofanyika. Jambo la kwanza akauliza kama diski imeshasafishwa. Nikasema bado. Akasema diski iliyochoka na diski iliyoandikwa na seva mbili kwa pamoja ni magonjwa mawili, na dawa zake siyo moja. Iliyochoka unaitupa. Hii nyingine, kama hakuna kinachoendelea kuandikwa juu yake, mtaalamu akijua ni amri ipi iliyoandikwa na lini ilirudishwa, anaweza kuzifuata picha zilikokwenda na kuziokoa, pengine zote, pengine nusu. Hakuahidi. Ila alisema wakishaisafisha, hata yeye hawezi kitu.

Umeelewa, mwanangu? Nina hakika ulielewa kabla yangu, maana umesomea. Mafundi wanatibu malaria na mgonjwa amekunywa sumu, na aliyeona chupa ya sumu ni wewe peke yako, na umekaa pembeni unaniuliza mimi namna ya kutoaibika. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe umefanya zaidi, umeficha maradhi ya watu wengine.

Kwa hiyo usiombe uhamisho. Ujumbe usio na jina usiuandike, mafundi hawawezi kukiuliza swali kikaratasi. Na hilo la kungoja kamati imalize ndipo umwambie Asajile, silijibu, nimekusikia tu.

Leo ni Jumamosi. Nenda kwa Asajile leo, nyumbani kwake, kwa miguu yako, usimpigie simu. Mwambie wewe ndiye uliyeandika ile amri, na mwambie kwa nini, hata lile la bafuni mwambie. Usiseme "samahani kama nilikukosea", hiyo "kama" iache njiani. Usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Mwambie kwamba siku ya kikao ulikuwa unajua na ukacheka. Kisha nyamaza, na atakachosema kipokee, hata akikufukuza. Najua alishajua, swali lake la mlangoni lilikuwa mlango wenyewe, alikufungulia uingie na wewe ukabaki nje. Kujua kwake hakukupunguzii kazi ya kusema.

Ukitoka hapo, piga simu kwa mafundi kesho Jumapili, usingoje saa za kazi, uwaambie wasiiguse diski na seva zote mbili ziiachie, na uwape ile amri neno kwa neno kama ulivyoiandika. Aibu yako usiwaeleze, hawaihitaji. Jumatatu asubuhi ingia kwa katibu, na umwombe awaite walewale waliokuwepo siku ile. Ulimcheka mwenzako mbele ya watu, kwa hiyo utamsafisha mbele ya watu. Wakikuuliza ni diski gani uliyoiondoa, itaje ilivyoandikwa, kwa sauti, kwa ile L yake, na atakayecheka mtazame usoni mpaka amalize.

Utafukuzwa kazi? Inawezekana. Hospitali nyingi zingemweka mtu anayesema kweli kabla hajakamatwa, ila siwezi kukudanganya, nyingine zisingemweka. Kijiji kitasema. Wazazi wako watasikitika, halafu watakupa jembe na chakula, kwa sababu ndivyo wazazi walivyo. Hutakufa. Na uliniuliza namna ya kumwokoa mwenzako bila wewe kuaibika, jibu ni kwamba hakuna, na hata ingekuwepo nisingekuuzia. Umeshaaibika, mwanangu. Kilichobaki ni kuamua kama aibu hiyo itamsaidia mtu yeyote au la.

Ukimaliza kusoma hapa kunja gazeti uvae viatu. Usiniandikie kunishukuru. Huko Mpuguso kuna mama anakanyagia mguu ambao daktari anaukisia tu, na wewe unajua picha zake ziko wapi.